Saa ya babu sio ya kupigwa flashi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo tu. Hivi kwa nini mtu akirithi kitu cha maana anakipiga picha kama anauza simu iliyotumika? Juu ya kitanda, flashi, basi kamaliza. Mi nina saa ya mfukoni ya babu na mwanzoni nilifanya hivyohivyo, nikaambulia duara jeupe kwenye kioo na mimi mwenyewe nimo humo nimeshika simu, hata namba moja haisomeki!

Siku hizi naiweka mezani karibu na dirisha, taa za ndani nazima zote, mwanga uje wa ubavuni, upande wa pili nasimamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kidogo maana kivuli kikizidi mnyororo wote unapotea, halafu kamera kwenye stendi, ISO 100 (yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nauweka chini), lenzi f/8 (tundu lake la mwanga nalibana kiasi), taima sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kioo bado kinameta? Sogea wewe kidogo, saa iache. Na sio mambo mapya haya, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, kule Ufaransa 1837 tayari alikuwa anapanga vinyago vya plasta na kuvipiga picha.

Ila jamani msiisugue kwanza! Yangu ina mkwaruzo pale kwenye ukingo wa kifuniko, ndipo babu alipokuwa anaingiza ukucha kuifungua, mke wangu alitaka tupake dawa ing'ae nikakataa kabisa, picha nzima nimeilenga hapo.

Msomaji wenu