Mzee aliyesikia "tisa" badala ya "sita"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usikivu wa wazee wetu wa Kusini, jambo lililoleta ugomvi nyumbani kwetu kabla hatujatambua kuwa ni maradhi.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho wilayani Tandahimba na, kwa desturi yetu Wamakonde, ndiye mwenye kauli katika mambo ya ukoo. Miaka michache iliyopita nusura agombane na katibu wa chama chake cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaouza korosho zao, akishikilia kwamba bei iliyosomwa baada ya mnada ilikuwa elfu mbili mia tisa kwa kilo, ilhali wote waliokuwapo walisikia mia sita. Tulimwona mkorofi. Binti yake ndiye aliyetanabahi kwamba mzee hakuwa akibisha, bali kweli ndivyo alivyosikia.

Usikivu unaopungua kwa umri au kwa kelele huanza kupotea upande wa sauti nyembamba. Konsonanti kama s, t, f na k ni nyembamba na hafifu, lakini irabu zina nguvu. Na kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, mzee huendelea kusikia kwamba mtu anasema, ila hapambanui anasema nini. Ondoa s na t katika "sita" na "tisa", uone kama kuna tofauti inayobaki. Ndiyo maana kumpigia mzee kelele hakumsaidii sana, kwa sababu kelele huzidisha zile irabu ambazo tayari anazisikia. Afadhali kukaa mbele yake, penye mwanga, na kusema polepole.

Dalili nyingine tulikuwa nazo machoni muda mrefu. Redio yake ilisikika hadi nyumba ya tatu, wajukuu aliwaelewa kwa shida kuliko wanaume wenye sauti nzito, kwenye harusi alikaa kimya kama mgeni, na mara kwa mara alilalamika kwamba siku hizi watu wananong'ona. Mwenyewe hakujiona mgonjwa, na wengi hawajioni, kwa sababu hali hii huja kidogo kidogo.

Chanzo hakikuwa uzee peke yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini amebeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, injini ikinguruma karibu kabisa na kichwa, tangu alfajiri wakati majani bado yana umande. Wakulima wetu hufunga kitambaa puani kwa kuogopa vumbi la salfa, lakini masikio huachwa wazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kelele ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) haifai kuzidi saa 40 kwa wiki, na kadiri kelele inavyoongezeka ndivyo muda huo unavyopungua upesi. Asiye na kipimo ajue hivi: ikikubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, masikio yenu nyote wawili yamo hatarini. Zipo pia sababu nyingine, kama usaha wa sikio uliopuuzwa tangu utotoni, baadhi ya dawa kama kwinini na gentamaisini, na nta iliyogandamana, ambayo hutolewa hospitali kwa dakika chache na wala haihitaji unyoya wa kuku tunaoupenda.

Kosa letu kubwa lilikuwa kununua kabla ya kupima. Dukani tuliuziwa kifaa kidogo kinachokuza kila sauti kwa pamoja, yaani mtwangio, upepo na bodaboda, na baada ya siku tatu mzee alikitia sandukuni. Kipimo chenyewe si kigumu: daktari huchungulia sikio kwanza, kisha mgonjwa huvaa spika za masikioni katika chumba tulivu na kuashiria kila anaposikia mlio. Majibu huchorwa, na shimesikio halisi, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, huwekwa kwa kufuata mchoro huo, likikuza zaidi sauti zilizopotea na kuzizuia zile kubwa zisiumize.

Yapo ya kuvaa nyuma ya sikio, ambayo ndiyo imara zaidi na hufaa viwango vingi vya upungufu. Yapo madogo ya kuingia ndani, ambayo vidole vya mzee huyashika kwa taabu. Na yapo yanayopitisha sauti kwenye mfupa kwa wenye masikio yatokayo usaha. Kwa wale ambao hata shimesikio lenye nguvu haliwafai, upandikizaji wa kifaa cha koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, ulianza Muhimbili mwaka 2017. Marekani tangu 2022 watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wanaruhusiwa kununua shimesikio bila cheti cha daktari, ila hivyo ni vifaa vilivyowekewa masharti, si kile tulichouziwa sisi.

Wanaonunua wakumbuke kwamba betri zake ndogo huanza kuisha mara tu karatasi yake inapobanduliwa, na kwamba jasho na unyevu wa pwani yetu ni adui: usiku kifaa kilale kwenye kopo lenye kikaushio. Mjomba alihitaji wiki kadhaa kuzoea. Siku za mwanzo sauti ya viatu vyake mwenyewe ilimkera.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba vipimo vya usikivu vifike hospitali za wilaya, kwa kuwa si kila mzee wa Newala au Nanyumbu ana nauli ya kwenda mjini, na kwamba maafisa ugani wanapofundisha matumizi ya salfa wataje masikio pamoja na pua. Vyama vya msingi, kwa upande wao, viandike bei ubaoni kwa tarakimu kubwa kabla ya kuisoma.

Msomaji wako,
Mtwara