Risala ya Wazazi na Walezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Familia, 15 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, maofisa ustawi wa jamii, wazazi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni akina mama, mabibi na akina baba wachache wa Dar es Salaam tunaolea watoto kwa fedha za matunzo zilizoamriwa na mahakama au kukubaliwa mbele ya ofisa ustawi. Wengi wetu tulifahamiana kwenye benchi la kusubiria malipo katika ofisi ya ustawi.

Mheshimiwa, sheria iko upande wa watoto wetu. Mama zetu waliishi chini ya sheria iliyompangia mtoto wa nje ya ndoa ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, na sasa mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto. Kinachotuumiza ni namna fedha hiyo inavyotufikia.

Mzazi wa Chanika anafunga genge lake asubuhi, anapanda daladala, anakaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Baba akija, noti zinahesabiwa mezani huku mtoto akitazama, kisha daftari linasainiwa. Asipokuja, nauli imekwenda na mauzo ya siku yamekwenda. Waliokubaliana kupeana mkono kwa mkono ndio wenye ugomvi zaidi: huyu anasema nilimpa dada yako, yule anasema sijaona hata senti, na hakuna mwenye karatasi. Tuseme ukweli, wapo akina baba wanaotoa kila mwezi bila kusukumwa na hawana cha kuonyesha. Na wapo wenzetu wanaolazimika kukutana, kila tarehe ya malipo, na mtu aliyekuwa akiwapiga.

Kwa hiyo tunaomba kadi ya malipo ya matunzo. Mzazi anayetoa apewe namba ya malipo kama tunazolipia ankara za Serikali, alipe kwa simu au kwa wakala hata akiwa Mwanza. Fedha iingie kwenye kadi ya mlezi, ujumbe uwafikie wote wawili, na kumbukumbu ibaki ustawi na mahakamani.

Tumeulizwa kwa nini isitumwe kwenye simu tu. Mheshimiwa, wengi wetu tuna mikopo ya simu, na fedha ikiingia inakatwa deni kabla haijanunua hata daftari. Kadi ya matunzo isiguswe na deni la mtu mwingine yeyote, hata la mama mwenyewe.

Marekani, sheria ya mwaka 1996 ilitaka kila jimbo liwe na kituo cha kupokea na kugawa fedha za matunzo, na baadaye majimbo mengi yakaacha hundi zilizotumwa kwa posta yakahamia kwenye kadi. Huko wazazi walilalamikia ada za kutolea fedha. Tunaomba sisi tusianzie kwenye kosa hilo: makato kwenye fedha ya mtoto yasiwepo, au yabebwe na benki itakayopewa kazi.

Tunawaombea pia mabibi wanaolea wajukuu. Kadi iandikwe jina la anayelea kweli, naye afundishwe kutumia namba ya siri mwenyewe, asilazimike kumwachia wakala au mjomba.

Tunajua kadi haitamfanya asiyetaka kutoa atoe. Lakini mwezi wowote utakaopita bila malipo utaonekana palepale, na ofisa ataweza kumwita mhusika bila kumsubiri mama aje kulalamika upya.

Temeke kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, ambako mashauri ya namna hii yamekusanywa pamoja. Tunaomba majaribio yaanzie hapo, na sisi tuko tayari kuwa wa kwanza kuandikishwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.