Mtuangalie na chini ya ushungi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Jina langu nimekupa, lakini naomba usilichapishe. Wete si mji mkubwa, na mimi riziki yangu ni kusuka watu.

Nina miaka 53. Sukari, hii ya aina ya pili, niliambiwa ninayo mwaka 2014, na tangu hapo nimo kwenye vidonge vya metfomini. Ninachotaka kukieleza ni nywele, kwa sababu kidogo tu ziniue.

Kwamba zinanitoka nilijua kwa udhu. Unapopaka maji kichwani, kiganja kinapita pale pale kila siku, mara tano, na hakisahau. Alfajiri moja ya mwezi wa Rajabu nikahisi ngozi, juu kidogo ya paji, mahali ambapo siku zote nahisi nywele. Niliporudisha mkono, nywele tatu zimenigandia vidoleni. Tatu si kitu. Mtu mzima anapoteza baina ya 50 na 100 kwa siku wala hajui. Lakini haukupita muda kitana kikawa kinatoka na fundo zima, na foronya ya mto nikawa naikung'uta uani kabla mume wangu hajaamka.

Siku yangu ya kwenda kuchukua dawa nikalisema. Mhudumu aliyenisikiliza hakuinua hata uso: "Mama, si unavaa ushungi? Nani anakuona?"

Nikanyamaza, nikachukua dawa zangu nikarudi nyumbani. Lile neno limenikaa kifuani mpaka leo. Ndugu Mhariri, mwanamke wa hapa kwetu anajifunika barabarani, na kwake anajifunua. Wanaomuona nywele zake ni wale hasa anaotaka wamuone. Mimi tangu niolewe, usiku wa Ijumaa nachuma asumini zangu, nikipata kilua naongeza, nafunga kikuba nakichomeka nyuma ya kichwa kwa kibanio. Ijumaa ile kibanio hakikupata cha kushika. Kikateleza na kikuba chake kikaanguka sakafuni, na mume wangu akainama akakiokota, akakiweka mezani bila ya kusema neno. Nililia bafuni.

Baada ya Idi nikaenda kwa muuza dawa za mitishamba. Akanipa mafuta ya habasoda yaliyochanganywa na shubiri, na kwa mafuta simlaumu, hayakunidhuru. Nililolipokea vibaya ni ushauri wake: "Vidonge vya hospitali ndivyo vinavyokunyoa. Viache kwanza siku arubaini." Nikaviacha. Sikumwambia mtu.

Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ulinikuta nakunywa maji kama niliyekula papa mkavu mtupu, naamka mara sita kwenda chooni, na nikitunga uzi silioni tundu la sindano. Mwanangu akanipakia garini. Kwenye kipimo cha kidole ilisoma 21. Wenye maradhi haya wanajua 21 ni nini: sukari imepanda mno. Nikarudishwa kwenye metfomini, nikaongezwa na dawa ya pili, na wiki mbili baadaye kiu ilikuwa imekwisha.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Mwisho wa Mfunguo Nne, sukari imeshatulia, natumia dawa bila ya kukosa, nywele zikaanza kutoka konzi konzi. Zilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikasema moyoni: yule mzee alisema kweli, vidonge hivi. Nilikuwa nimeshavifunga kwenye mfuko nivitie pipani.

Kilichoniokoa ni daktari mmoja, binti wa umri wa mwanangu wa pili, siku hiyo alikuwepo badala ya mwengine. Alifunga mlango, akasema: "Mama, vua ushungi nikuone." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo katika miaka yote. Akapitisha vidole taratibu, akavuta nywele chache, akazitazama mwanzoni mwake. Kisha akaniuliza nini kilinipata miezi miwili mitatu nyuma. Tukahesabu pamoja kwa vidole: Mfunguo Nne, Mfunguo Tatu, Mfunguo Pili. Kidole kikasimama kwenye ile 21.

Akanieleza kuwa mwili ukipata msukosuko, iwe homa kali, uzazi, upasuaji, msiba au sukari iliyopanda mno, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja. Hazianguki siku hiyo. Zinabaki kichwani miezi miwili mpaka mitatu, ndipo zinapopukutika zote kwa mkupuo, na wakati huo mtu ameshapona na ameshasahau. Kwa hiyo analaumu alichonacho mkononi, nacho ni dawa. Nywele zilizokuwa zikinitoka zilikuwa za zile siku arubaini. Vidonge havikuwa na kosa.

Hakuishia hapo. Alinipima wingi wa damu na madini ya chuma, tezi ya shingoni, na vitamini B12. Metfomini ukiitumia miaka mingi inajulikana kupunguza B12 mwilini, na yangu ilikuwa chini kweli, hata ile ganzi ya vidole vya miguu niliyodhani ni ya sukari tu alisema huenda B12 imo. Nikaanza kuchomwa sindano. Na mdogo wangu aliyeko Muscat alikuwa amenitumia vidonge vya nywele vyenye biotini. Daktari akaniambia niviache kwanza siku kadhaa kabla ya kupimwa tezi, kwa sababu vinaweza kulipotosha jibu. Nani angenijulisha hayo kama nisingevua ushungi?

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimetoka asilimia 11.8 kikafika 7.3. Nywele zimerudi, fupi fupi, zimesimama mbele kama za mtoto. Unywele unakua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, basi haraka haisaidii.

Niseme na la kazi yangu. Vichwa nimevisuka vingi, na si kila upara ni huu wangu. Kuna unaoanzia utosini ukatanuka kama duara, ngozi inakuwa laini inang'aa, na mwenyewe anasikia kuwashwa au kuungua. Madaktari wa ngozi wamekuwa wakiukuta zaidi kwa wanawake weusi, na wameuhusisha na kisukari hiki cha aina ya pili. Ule unaacha kovu. Vinyweleo vikishakufa havirudi, hivyo anayeuona asingoje. Nina mteja nilimuona utosi wake miaka mitano iliyopita, nikamfichia kwa kumsuka rasta juu yake, nikidhani namsitiri. Leo pale pamebaki ngozi tupu. Nimemuomba radhi na ninaendelea kuumia.

Upo na wa pembeni, wa kuvutwa. Huu tunautia sisi wasusi. Msuko wa twende kilioni ukikazwa mpaka macho yakavutika, nywele za kwenye panja zinang'oka kidogo kidogo, na mwenye sukari akipata kidonda kichwani kinachelewa kupona. Siku hizi nasuka kwa kulegeza, na anayesema nimelegeza sana namwambia aende kwengine.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, liwafikie wanaosimamia kliniki za sukari Unguja na Pemba. Miguu yetu mnaiangalia, Mungu awalipe. Mnauliza ganzi, mnatazama vidonda, na wengine mnatazama hata malaika, zile nywele laini za muundini, kwa kuwa zikipotea na mguu ukawa wa baridi huenda damu haifiki vizuri. Basi ongezeni kichwa. Tuulizeni: nywele zinakutoka? Umeacha dawa kwa sababu hiyo? Kwa sababu tunaoacha hatusemi, tunaona haya, na mnatuona tena tukiwa tumeshafika 21.

Wala sioni kama ni jambo la gharama. Kanga mbili zikitundikwa kwenye kona ya chumba zikawa pazia, na akawepo mhudumu mwanamke wa kusema "vua ushungi nikuone", mimi na wenzangu tutavua.

Msusi,
Limbani, Wete, Pemba