Watu wa aina yetu: barua kwa mwanangu anayetafuta nyumba

Mwanangu,

Picha saba za nyumba nimezipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikakwama pale uliposema, "Mama, mtaa huu una watu wa aina yetu." Ni siku ya tatu leo neno hilo linanizunguka kichwani. Ningekupigia simu, ila kwenye simu utanikatiza, nakujua.

Watu wa aina yetu ni akina nani? Siulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo kwa maneno mengine, nikakuhamisha ukiwa na miaka tisa.

Tulikuambia tunahama kwa ajili ya shule. Shule ilikuwemo, sikatai, lakini iliyotangulia ilikuwa aibu yangu. Gari la kazini lilikuwa likitushusha jioni mmoja mmoja, na mimi niliomba kushushwa kituo kimoja kabla ya kwetu, mbele ya yale maghorofa yenye bustani. Nasimama pale najifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka taa za gari zipotelee konani, ndipo naanza kutembea. Dakika kumi na tano, gizani, na viatu vya ofisini. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Baba yako alidhani gari linachelewa. Na hakuna mfanyakazi mwenzangu hata mmoja aliyewahi kunicheka. Kazi hiyo nilikuwa nawafanyia mwenyewe.

Sasa wewe umenipa sababu tatu: bei, shule, usalama. Siasa, umesema, haimo kabisa.

Marekani, mwaka 2014, kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wanataka kuishi wapi. Kati ya wahafidhina wa msimamo mmoja katika kila jambo, nusu walisema ni muhimu kwao kukaa mahali ambapo wengi wanakubaliana nao kisiasa. Kwa waliberali, wale wa upande wa pili wa siasa, wenye msimamo mmoja vivyo hivyo, ilikuwa asilimia 35. Hata umbo la mtaa likageuka kama kura: asilimia 75 ya hao wahafidhina walitaka nyumba kubwa zilizoachana, hata kama shule na maduka yako mbali, na asilimia 77 ya waliberali walitaka nyumba ndogo zilizosogeleana, mtu atembee kwa miguu mpaka dukani. Halafu mwaka 2017 watafiti wawili, Jonathan Mummolo na Clayton Nall, wakaonyesha kuwa watu husema hivyo, ila wakifika kwenye kuchagua nyumba yenyewe wanaangalia bei, shule na usalama. Najua unatabasamu. Ngoja kwanza.

Bei haishuki kutoka mbinguni. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Euclid, kijiji kilicho pembeni ya mji wa Cleveland, ikaruhusu serikali za mitaa kutenga maeneo ya nyumba za familia moja moja tu. Jaji George Sutherland aliandika kwamba jengo la ghorofa za kupanga, mara nyingi, ni kupe tu, linanufaika na nafasi na uzuri wa mtaa uliotengenezwa na wengine. Kupe, mwanangu! Alikuwa anasema juu ya jengo, lakini kila aliyesoma alijua nani wanapanga humo. Tangu hapo, ukitaka kumzuia maskini huna haja ya kumtaja popote. Unaandika tu ukubwa wa kiwanja, kila nyumba ikae peke yake katikati ya uwanja wake, na hesabu itamfukuza kwa niaba yako. Miaka ya 1930 shirika la serikali lililoshughulika na mikopo ya nyumba likachora ramani za miji zaidi ya 200: kijani kwa mitaa bora, nyekundu kwa ile iliyoitwa hatari. Mitaa ya watu weusi ilipakwa nyekundu karibu kila ilipokuwa. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja kusainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na kufikia hapo watoto wa mitaa ya kijani walikuwa wamekwisha kurithi nyumba za wazazi wao.

Na tusijifanye wageni wa mambo haya. Lugha yetu ina neno uzunguni, ina uhindini, ina uswahilini. Mkoloni aligawa miji kwa rangi ya ngozi, akaondoka, majina yakabaki, nasi tukaanza kugombania vyumba ndani ya majina hayo. Leo "uswahilini" ni tusi, na wanaolitukana ni Waswahili.

Shule naipita haraka. Pengi shule nzuri ni ile ambayo wazazi wenye pesa wamekwisha kuhamia jirani nayo. Unachodhani umekiokoa kwenye ada unakilipa kwenye kodi ya nyumba.

Usalama ndio ulioninyima usingizi. Watafiti wawili wa Marekani, Robert Sampson na Stephen Raudenbush, walipitisha gari lenye kamera polepole katika mitaa ya Chicago, wakahesabu takataka, michoro ya ukutani, chupa zilizotupwa. Kisha wakalinganisha na majibu ya wakazi walioulizwa mtaa wao una vurugu kiasi gani. Matokeo waliyachapisha mwaka 2004: pale walipokuwa wengi maskini na weusi, watu waliona vurugu zaidi, hata uchafu uliohesabiwa ukiwa ule ule. Na weusi wenyewe waliona hivyo hivyo.

Basi nikairudia picha yako ya tatu, ile ya mtaa uliosema "haujatulia". Nimeikuza mpaka ikaanza kufifia. Naona nguo zimeanikwa barazani, na vijana watatu wamekaa kwenye ngazi, mmoja ana kitabu au simu, sioni vizuri. Ni hayo tu. Wewe umejifunza kusoma kwenye ngazi kama zile.

Juzi nilitoa ubao wa drafti wa baba yako. Kuna mchumi, Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ambaye zamani alicheza mchezo mmoja mezani na kuuchapisha mwaka 1971. Nikataka kuujaribu. Nilipanga vifuniko vya soda, vyekundu na vya bluu, ovyo ovyo, nikaacha nafasi kadhaa wazi. Kanuni ni ya upole: kifuniko kinaridhika mradi theluthi tu ya majirani zake wawe wa rangi yake. Hakimchukii mtu, hakitaki tu kuwa mpweke. Kisichoridhika kinahamia penye nafasi. Ukikihamisha kimoja, jirani aliyebaki nyuma anakosa raha naye anataka kuhama, kisha wa jirani yake. Baada ya nusu saa vyekundu vilikuwa vimejikusanya upande mmoja na bluu upande mwingine, na mimi ndiye niliyevisogeza kwa mkono wangu bila kukusudia.

Kwa hiyo ukiniambia huna ubaya na mtu, nakuamini. Mchezo ule hauhitaji ubaya.

Wapo waliokataa kuuacha ubao ujipange. Singapore, ambako wakazi wengi kabisa wanaishi katika nyumba zilizojengwa na serikali, tangu 1989 kila jengo lina ukomo wa Wachina, wa Wamalei na wa Wahindi. Kundi likijaza nafasi zake, muuzaji wa kundi jingine hawezi kuwauzia watu wa kundi lililojaa, hata walete pesa zaidi. (Ningekuwa mimi muuzaji ningelaani kwa sauti.) Vienna, mji mkuu wa Austria, wao walijenga. Karl-Marx-Hof, jengo lililofunguliwa mwaka 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na mpaka leo karibu nusu ya wakazi wa jiji lile wanaishi kwenye nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku. Mtu akikutajia anwani yake huko, bado hujajua mshahara wake.

Kuna jambo linanipinga, nalo nisilifiche. Miaka ya 1990 Marekani ilifanya majaribio katika miji mitano: familia za makazi ya serikali zilipewa kwa bahati nasibu hati za kuzisaidia kupanga kwenye mitaa yenye umaskini mdogo. Walipokuja kufuatiliwa na mchumi Raj Chetty na wenzake, watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuwa, ukubwani, na kipato kilichozidi cha wenzao wasiopewa hati kwa asilimia 31 hivi. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Mjukuu wangu ana miaka sita. Siwezi kukuambia usihame, na pengine unachagua nyumba leo kwa sababu nami nilikuhamisha.

Lakini kuna jambo sijakuambia miaka yote hii. Unamkumbuka rafiki yako wa mtaa wa zamani, yule wa baiskeli ya bluu? Ulimngoja sana, ukaishia kusema amekusahau. Alikuja. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili tangu tuhamie. Mlinzi wa geti alimwandikisha kitabuni: jina, anakotoka, saa ya kuingia, anamfuata nani. Mtoto wa miaka kumi. Jirani wa mbele akanipigia kuuliza kama namfahamu huyo kijana aliyesimama kwangu. Nikamjibu, "Ni mtoto wa watu tu, anaondoka sasa hivi." Mlango ulikuwa wazi, naye yuko pale ameshika usukani wa baiskeli. Alinisikia. Wewe ulikuwa unaoga. Ulipotoka ukaniuliza nani alikuwa mlangoni, nikasema hakuna mtu.

Jumamosi nakuja. Dalali msimwite. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi na wewe tutakaa kwenye kituo cha basi cha huo mtaa mpya, tuwaangalie wanaoshuka kwenda kufagia, kulea na kulinda, na tuwasikilize wakizungumza. Kisha twende kwenye mtaa wa picha ya tatu, tuwasalimie wale wa kwenye ngazi. Mchukue na mjukuu wangu, atasinzia lakini mchukue.

Baada ya hapo mtachagua wewe na mwenzako. Mimi sitasema neno, ingawa hilo najua hutaliamini.

Mama yako