Neno ulilomvika babu yako

Mwanangu mpendwa,

Insha yako ya kuombea ufadhili nimeisoma jana usiku, tena mara mbili. Umeandika vizuri. Ila pale unapomtaja babu yako umemwita kwa Kiingereza "sapient", yaani mwenye busara, na hapo nikavua miwani.

Neno lenyewe halina kosa. Kilatini kidogo nilichotoka nacho seminari kinanikumbusha kitenzi lilikotoka, sapere: kuonja, kusikia ladha, halafu ndiyo kuwa na akili. Sisi busara tumeitoa kwa Waarabu, na kwao mzizi wake ni kuona. Warumi waliitafuta ulimini. Mimi niliyesomesha watoto kwa mshahara wa ulimi hapa Moshi, niko upande wa Warumi.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye meza ya kuonja kahawa, niliwekewa vikombe vitano vya sampuli moja. Buni zilikuwa nono, rangi moja, nami nikazipitisha kwa macho hata kabla ya kushika kijiko. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakusema kitu. Alinisogezea tu kikombe cha tatu. Nikafyonza kwa kelele, kama tufanyavyo, nikatema ndooni: uchachu, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyolala. Punje moja iliyochacha ilikuwa imeharibu kikombe kizima, na vinne vilivyobaki havina neno. Ndiyo maana hatuonji kimoja.

Sasa matumizi. Mwaka 1758 Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, alituandika binadamu wote Homo sapiens, mtu mwenye busara (nikiwatazama watu wanavyogombea daladala stendi, naona alitukopesha). Kwenye sayansi, na kwenye hadithi za viumbe wa sayari nyingine wenye akili kama zetu, "sapient" limekaa mahali pake. Lakini Mwingereza akimwita hivyo mtu mmoja, mara nyingi anamkejeli, kama sisi tunavyosema "bwana mjuaji". Watakaokusoma wanaweza kudhani unamcheka mzee.

Andika "wise". Au sifa yote iache, usimulie siku babu alipompelekea jirani jani la sale kuomba yaishe, na wote tunajua mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, hakuusogeza yeye. Mama yako anaikumbuka vizuri kuliko mimi, hadi maneno aliyoyasema mlangoni. Mpigie Jumamosi akishatoka jumuiya.

Baba yako