Maji ya mtungi yanatumaliza Nyalenda

Mhariri,

Kila wakati wakubwa wakiongea juu ya umaskini wa mitaa yetu utasikia vijana wapewe kazi, akina mama wapewe mikopo, sawa, sikatai, lakini mimi naishi Nyalenda hapa Kisumu na nauza omena soko la Kibuye, na nataka tuongee pia juu ya ile pesa kidogo tunapata na vile inatutoka.

Maji ya kioski kwetu mtungi wa lita 20 ni shilingi tano. Ukisikia tano unaona si kitu. Sasa piga hesabu, lita 1,000 ni mitungi 50, hiyo ni 250, na mifereji ikikauka wa mkokoteni wanaleta mtungi kwa 20 kwa hivyo lita zile zile zinakuwa 1,000. Mtu wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, anayefungulia maji ndani ya nyumba halipi hivyo, na ziwa ni hilo hilo moja sote tunaliona. Choo nacho, ploti yetu nyumba nane tuko na kimoja, mvua ikinyesha kinafurika, watoto wanaanza kuharisha, pesa ya stoki inaenda kwa dawa. Mwaka jana nilikaa wiki mbili bila kuuza juu ya mtoto, na deni la chama lilikuwa linaningoja tu. Huo mkopo ulinisaidia nini?

Watu wengi hudhani slamu zote ziko kama Kibera, ardhi ya serikali. Nyalenda na Manyatta sehemu kubwa ni mashamba ya familia zilizokuwa hapa kabla mji uwafikie, wako na taito za hayo mashamba, na malandlodi wengi tunaishi nao ploti moja. Kwa hivyo sisi hatuhitaji tingatinga! Msaidie landlodi mmoja apate mkopo wa riba ndogo ajenge choo cha maana na avute maji, nyumba nane zimepumua. Kaptembwo kule Nakuru wenye ploti walisaidiwa hivyo kujenga vyoo. Na hapa Nyalenda KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ilianzisha mpango wa kuuzia watu wa mtaa maji kwa jumla, wao wanayasambaza kwa mita, mpango mzuri sana kwa maoni yangu, ila kona yetu huku chini bado tunabeba mtungi kichwani.

Najua landlodi akishajenga atataka kuongeza rent, tumeona hiyo, mtu anawekewa choo kipya halafu anahamishwa na bei. Basi mkopo utolewe na mkataba kwamba rent haipandi hadi miaka fulani iishe, na wapangaji tuoneshwe huo mkataba.

Katiba ya 2010 kifungu cha 43 imetaja maji safi na usafi kama haki ya kila mtu. Kaunti ikiita watu kutoa maoni ya bajeti naomba wakuje mtaani jioni, sio hotelini saa nne asubuhi wakati sisi tuko sokoni.

Mama Omena,
Nyalenda, Kisumu