Ukisingiziwa wizi kazini usisaini kitu, na usilale

Mhariri, nilikuwa stoo kipa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, mwaka na nusu bila kesi na mtu, siku moja mwenzangu wa kaunta akamwambia bosi eti kaniona napakia roli mbili za waya kwenye bodaboda. Bosi hata leja hakufungua, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wote kwamba mwizi wa stoo kapatikana na jina langu akaweka. Kesho yake naitwa ofisini nakuta karatasi ishachapwa, nakiri upotevu na nakubali kukatwa mshahara, kalamu imewekwa juu yake. Mkono ulikuwa unatetemeka ila sikusaini, na namshukuru Mungu mpaka leo, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu ukatwe fidia ya hasara kama hujakubali kwa maandishi, na hata ukikubali makato yasizidi robo ya mshahara. Saini yangu ndo walikuwa wanaitafuta.

Nikafukuzwa kwa mdomo, "kesho usije". Tuhuma za maandishi hakuna, kikao cha nidhamu hakuna, wakati kanuni zinataka upewe taarifa walau saa 48 kabla na uruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzio au mtu wa chama akusaidie kujitetea.

Nilikaa ndani wiki tatu naona aibu hata kwenda dukani, mpaka binamu akanishtua niwahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, kwa sababu ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kulalamika. Nilijaza fomu siku ya 27! Wengi wanapotelea hapo jamani, wanangoja bosi apoe hasira siku zinaisha. Mbele ya msuluhishi nilitoa skrinishoti za grupu na picha za leja nilizopiga mwenyewe, waya zilitoka kwa saini ya huyo huyo wa kaunta, tukamalizana nikalipwa.

Huyo aliyenisingizia nimeambiwa naweza kumfungulia madai ya kashfa mahakamani, na angekuwa kapeleka polisi uongo anaoujua ni uongo lingekuwa kosa la jinai kwake. Bado natafakari.

Ila ile meseji iko kwenye grupu mpaka leo. Naomba wasuluhishi wa CMA, mkishaandika kiasi cha hela kwenye makubaliano, andikeni pia kwamba bosi anisafishe pale pale kwenye grupu aliponichafulia, wale wale waliosoma wasome.

Msomaji wenu,
Temeke